Skrubu Mbili za Gobore la Babu

Mtu akiniambia leo kwamba mimi ni mvumilivu, nitamwangalia mara mbili nione kama ananitania. Sijawahi kuwa mvumilivu. Mke wangu anajua, wanangu wanajua, na hata punda niliyekuwa naye enzi zile alijua. Kwa hiyo nikisema nilikaa siku tano mbele ya skrubu mbili bila kumpiga mtu, mnielewe. Ilikuwa kazi kubwa kuliko yote niliyoifanya katika vita vya Hitla, na mimi Burma nilifika.

Vita ndivyo vilivyoniponza. Nilirudi nyumbani, karibu na Misigiri, nikiwa na koti la keya, lile jeshi la Mwingereza, jozi moja ya viatu, na bisibisi tatu nilizozificha ndani ya soksi. Jeshini kazi yangu ilikuwa kuziba pancha na kufunga matairi ya malori. Basi, hakuna zaidi. Bunduki ikiharibika tulimpelekea fundi wa silaha, Mzungu mmoja mwenye masharubu mekundu, ambaye hakutaka mtu yeyote asogelee meza yake. Lakini watu wa kwetu walipoziona zile bisibisi walisema fundi amerudi, nami, Mungu anisamehe, sikukanusha. Nilipenda kuitwa fundi. Waliniletea taa za chemli na saa zilizokufa, na mara moja moja kitu kilipona chenyewe mikononi mwangu nikasifiwa.

Asubuhi moja baba aliniita uani kwake. Nyumba yangu na yake zilitazamana, katikati uwanja mmoja na zizi moja la ng'ombe. Nilimkuta amelitandaza gobore la babu juu ya ngozi, kama mtu anayelaza mgonjwa.

"Fungua," akasema.

"Nifungue nini?"

"Huu mtambo wake. Umekaza."

Nililijua lile gobore tangu utoto wangu. Lilikuwa bunduki ya gumegume, ya zamani za misafara, ya kushindiliwa baruti mdomoni kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Ubavuni lina mtambo: kinyundo kinachouma jiwe la gumegume kwenye meno yake, na mbele yake kibao cha chuma. Ukivuta kifyatulio, kinyundo kinaruka, jiwe linakwaruza kibao, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani, na bunduki inalia. Babu aliwinda tembo kwa bunduki hiyo kule bonde la Wembere. Mjerumani alikuja, akaondoka. Mwingereza akaja, akaliandikia cheti pale boma la Kiomboi, na babu akaendelea kulala nalo kichwani pake mpaka alipokufa.

Alikufa miezi tisa kabla sijarudi. Hayo ya mazishi yake nilihadithiwa, na nilihadithiwa na watu wengi mno. Katika ukoo wetu mwindaji wa tembo akizikwa, bunduki yake hulizwa mara moja juu ya kaburi, na anayeiliza ni yule aliyerithishwa. Babu alimrithisha baba yangu, ijapokuwa baba hakuwa mkubwa. Mkubwa alikuwa kaka yake, baba mkubwa wangu, na hilo hakulisahau hata siku moja.

Basi baba alisimama juu ya kaburi mbele ya watu wote, akavuta kifyatulio. Kinyundo hakikuruka. Kilishuka polepole, kama mzee anayetafuta kigoda kwa matako, kikafika chini kikatulia. Hakuna cheche. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Hapo baba mkubwa akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia: "Marehemu ameukataa mkono huo."

Tangu siku ile baba alikaa nyuma kwenye mabaraza. Pombeni alikunywa kidogo, akaondoka mapema. Mimi niliporudi nilidhani ni uzee na ule mtoto wa jicho uliokuwa unamfunga macho, kumbe ni yale maneno.

Ilibaki nafasi moja. Msiba wa mtu kama babu hufungwa baada ya mwaka kwa pombe ya uwele, na siku hiyo gobore linaweza kulizwa kama halikulia kaburini. Baba mkubwa alikuwa ameshasema mbele ya wazee kwamba lisipolia siku hiyo, litahamia nyumbani kwake, na wazee hawakumpinga.

"Na pombe ni lini, baba?"

"Kimea kimeshasagwa. Siku ya saba kuanzia leo."

"Siku saba! Baba, nimerudi tangu miezi mitatu. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani litajilegeza lenyewe."

Hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka, na haikupoa wiki nzima.

Halafu akanipa masharti. Gobore lisitoke uani mwake. Lisigongwe kwa nyundo ya chuma, kwa sababu baba yake hakuwahi kuligonga. Na lisishikwe na mtu mwingine ila yeye na mimi. Nikasema sawa, sawa, sawa, huku nachagua bisibisi.

"Jambo jingine," akasema. "Angalia usijiumize. Lina kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Ile baruti ya kaburini. Haikutoka."

Ala! Nilikuwa nimeliweka mapajani, mdomo wa mtutu ukiniangalia kidevu. Nililitua chini taratibu sana. Mwaka mzima limesimama kwenye pembe ya chumba anacholala, limeshiba baruti, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja hilo mpaka nilipokaa nalo hivyo.

Siku ya kwanza yote iliishia hapo, kulitapisha. Nilimimina maji mtutuni mpaka yakafurika. Baba alishika kichwa. "Unalinywesha maji? Bunduki ya baba yangu unainywesha maji kama ndama?" Nikamwambia baruti ikilowa haiwaki, na mimi bado naupenda uso wangu. Nilifunga msumari uliopindwa kwenye ncha ya mdeki, nikauzungusha ndani, nikavuta, ukatoka mtupu. Nikauzungusha tena. Jua lilipofika kichwani nilipata kipande cha kitambaa kilichooza, na alasiri ukatoka uji mweusi na gololi mbili za risasi. Baba aliziosha zile gololi akaziweka mfukoni. Mimi mikono ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na hata skrubu moja sijaigusa.

Mtambo wenyewe umeshikwa na skrubu mbili tu. Zinaingilia ubavu wa pili, zinapenya mti, zinauma bamba la mtambo upande wa pili. Skrubu mbili! Asubuhi ya siku ya pili nikajisemea hii ni kazi ya kabla ya chai. Nilichokonoa uchafu kwenye vichwa vyao kwa sindano ya magunia, nikaingiza bisibisi kubwa: nene mno, haiingii. Nikaingiza ndogo: inacheza kama jino la mtoto. Ya kati haikufaa kokote. Nikaenda kwenye jiwe la kunolea, nikaanza kuisugua ile kubwa iwe nyembamba, na kusugua bisibisi ya jeshi la Mwingereza kwenye jiwe la kunolea panga ni kazi ambayo simwombei hata mtu anayenichukia.

Wakati nasugua, baba mkubwa akaingia uani na kigoda chake na ugoro wake.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Bado?"

Neno hilo. Wiki nzima alikuja kila siku, akakaa palepale, akanusa ugoro, akauliza "Bado?" kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza hali ya mvua. Mpaka leo mtu akiniuliza "Bado?" nasikia kitu kinapanda kifuani. Baba hakumjibu hata mara moja. Alikuwa anakaa na mkono wake juu ya mtutu, macho yake meupe yakitazama mahali pasipo na kitu.

Bisibisi ilipoingia vizuri nilibana meno nikazungusha. Skrubu ikasogea unywele mmoja. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikakaza tena, bisibisi ikachomoka, ikang'oa ukingo wa kichwa cha skrubu, ikaingia kwenye kiganja changu cha kushoto. Nilitukana kwa Kiswahili, nikatukana kwa Kinyiramba, nikamalizia na maneno ya Kihindi niliyoyaokota Burma ambayo maana yake siijui mpaka leo.

"Usilitukane," akasema baba. "Linasikia."

"Lisikie! Ndicho ninachotaka!"

Jioni ile baba alitoa pembe ya mafuta. Ni pembe ya ng'ombe yenye kifuniko cha ngozi, na ndani kuna mafuta ya mkia wa kondoo. Kwetu, kondoo wa mavuno akichinjwa, mafuta yake hupakwa miimo ya mlango na vipaji vya nyuso vya wazee, ni baraka, na nyumbani kwetu gobore nalo lilipata sehemu yake. Baba aliyapasha moto, akayatiririsha kwenye skrubu na kwenye kinyundo, kila upenyo, mpaka yakadondoka.

"Yatalainisha," akasema.

Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Mafuta yanalainisha, kila mtu anajua.

"Baba yangu alikuwa anapaka kwenye mti tu," akaendelea kusema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivunia. "Tangu aliponikabidhi kazi hiyo, mimi nikasema hapana. Chuma ndicho kinachofanya kazi, chuma nacho kilishwe. Kila mwaka nalilisha lote, ndani na nje. Na usiku ule wa kuamkia maziko nililipaka mara mbili."

Wakati huo mke wangu alikuwa anapita na mtungi wa maji. Tulikuwa na miezi miwili tu tangu nimwoe. Mwali wa kwetu hasemi mbele ya baba mkwe. Anapita mbali, macho chini, na akisalimu anasalimu amepiga magoti bila kuinua uso. Akapita hivyohivyo, lakini alipofika mlango wa jikoni akakohoa. Akakohoa tena. Nikamwita pembeni nikamwambia kama ana kifua akanywe maji ya mlonge. Akanitazama, akaingia ndani.

Siku ya tatu nilikuwa na akili mpya. Baruti imeshatoka, basi moto hauna hatari. Niliweka msumari mnene kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nikaubana kwa koleo, nikaukandamiza kwenye kichwa cha skrubu. Ukalia chwiii, moshi ukafuka. Ulinukia kama nyama. Sikufikiri lolote, nilikuwa na njaa, nikadhani ni njaa. Nikatia bisibisi, nikazungusha, ikakubali! Robo. Nusu. Jamani, nilikuwa nacheka peke yangu. Ikazunguka mara mbili, ikakaza tena kama vile imejuta.

Baba akapaka mafuta. Mke wangu akakohoa.

"Bado?" akauliza baba mkubwa.

Siku ya nne skrubu ya kwanza ilitoka yote. Nilipoishika mkononi niliona ni kitu kidogo, hata urefu wa kidole changu cha mwisho haifiki, na nikataka kuirusha mpaka Mtinko. Ya pili ndiyo ile niliyoing'oa ukingo wa kichwa, kwa hiyo ikabidi niichonge ufa mpya kwa msumeno wa chuma, jino kwa jino, na baba kila jino anauliza, "Unalikata? Unalikata?" Nikamwambia silikati, baba. Akauliza tena. Nikamwambia silikati! Nikaona aibu, lakini sikuomba radhi. Nilikuwa na hasira hata na mtutu.

Skrubu ya pili ilitoka siku ya tano mapema. Nikasimama, nikajinyoosha mgongo, nikamwambia baba sasa angalia, mtambo unadondoka wenyewe. Nikaligeuza gobore. Halikudondosha kitu. Nikalitikisa. Wapi! Bamba limeng'ang'ania kwenye mti utadhani limeota pale.

Nikarudisha skrubu nusu nusu, nikaanza kugonga vichwa vyao kwa rungu la mti, tok, tok, ili zisukume bamba kwa ndani. Bamba likajitokeza kidogo upande mmoja. Hapo ningengoja, ningegonga upande wa pili taratibu. Sikungoja. Nimeshawaambia mimi ni mtu wa namna gani. Niliingiza ncha ya kisu nikapandisha, na kijipande cha mti kikapasuka, ta! kikaangukia kwenye ngozi.

Baba hakuona, lakini alisikia. Akapapasa mpaka akakipata. Kilikuwa kidogo kama mbegu ya boga. Akakifunga kwenye pindo la shuka lake. Afadhali angenitukana. Akainuka na fimbo yake, akasema anakwenda kuangalia pombe imefika wapi, na baba mkubwa akamfuata nyuma kuonja.

Nikabaki peke yangu uani, nikagonga kwa adabu, huku na huku, na mtambo ukatoka. Ulikuja mzima mkononi mwangu. Nikaugeuza kuona tumbo lake.

Hakukuwa na tumbo. Kulikuwa na donge jeusi. Mahali pa kamani, ile springi kubwa inayosukuma kinyundo, mahali pa kila kijino na kila kijiti, palijazwa kitu cheusi kigumu. Nikakwangua kwa kisu. Kilitoka vipande vipande. Nikanusa.

Mavuno. Kilinukia sikukuu ya mavuno, kondoo, moshi, mkono wa baba kwenye kipaji changu nikiwa mtoto. Mafuta! Mafuta ya kondoo ya miaka yote, yamelishwa vumbi la Iramba, yamekauka yakagandana, yakawa lami. Na juu yake, bado mabichi, yale ya wiki hii, ambayo mimi mwenyewe, fundi, nimekaa nikiangalia yakimiminwa.

Sikuwahi kukasirika hivyo. Nilimkasirikia baba, nikajikasirikia, nikamkasirikia kondoo. Mwaka mzima mtu anatembea ameinamisha kichwa, anaambiwa marehemu amemkataa, na aliyeukaza mtambo ni yeye mwenyewe, kwa pembe yake, kwa kupenda kwake! Usiku wa kuamkia maziko akaupa mara mbili! Niliukamata ule mtambo nikaingia nao jikoni nikapaza sauti, "Unaona hii? Unaona?"

Mke wangu alikuwa anasugua sufuria. Hakuinuka.

"Ni mafuta," akasema.

"Najua ni mafuta! Umejuaje?"

"Nimejua tangu siku ya pili, nilipoona baba anapaka."

"Na ukakaa kimya?"

"Nilikohoa."

"Ulikohoa!"

"Ulitaka nifanyeje? Niinuke mimi mwali wa juzi nimwambie mkwe wangu kwamba bunduki ya baba yake inataka kuoshwa kama sufuria?"

"Ungeniambia mimi, ndani!"

"Ndani ulikuwa unaingia umenuna, unageukia ukutani. Ulisema hata neno na mimi wiki hii? Nikikohoa unaniambia ninywe mlonge. Nimekunywa. Mchungu."

Akanipokonya mtambo mkononi, mwanamke yule, akaufutafuta, akachukua chungu kikuukuu, akatia maji na majivu ya kutosha, akakibandika motoni. Maji yalipochemka akautumbukiza. Tukakaa. Mara juu ya maji kukaanza kutokea utando, kwanza wa kahawia, halafu mweusi, na povu kama la sabuni. Alimwaga, akabadilisha maji na majivu, akachemsha tena. Mara ya tatu nilipoutoa kwa kijiti niliona chuma. Niliona kamani, niliona skrubu ndogondogo ambazo sasa zilizunguka kwa bisibisi ndogo bila kelele, moja baada ya nyingine. Nikavitandaza vyote kwenye ungo wake, tukavisugua kwa kitambaa, tukavikausha karibu na moto. Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikavuta kinyundo nyuma kwa dole gumba, nikakiachia.

Taa!

Kiliruka kama panzi. Sauti ile ilitoka jikoni ikavuka uwanja, na sijamaliza hata kucheka nikasikia fimbo ya baba inagonga ardhi mbiombio. Nikatoka nje. Baba yuleee anakuja karibu anajikwaa, na nyuma yake baba mkubwa na kibuyu cha pombe changa mkononi.

"Ni lenyewe?" baba akauliza. "Ni lenyewe limelia hivyo?"

"Ni lenyewe, baba."

Akaupapasa mtambo mikononi mwangu. Akavuta kinyundo mwenyewe, akakiachia. Taa! Halafu akageuza uso kunielekea, akauliza mbele ya kaka yake:

"Ilikuwa nini?"

Kwa siku tano nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia yeyote atakayepatikana na kosa. Maneno mazuri, makali. Yalikuwa yamejaa kinywani. Halafu nikaona mkono wake wa kushoto. Alikuwa ameshika pembe ya mafuta. Kwa haraka ile yote, mtu asiyeona, alikumbuka kupita kuichukua.

"Kutu," nikasema.

"Kutu?" akauliza baba mkubwa.

"Kutu, baba mkubwa. Ilikula mtambo kwa ndani, mahali ambapo mtu haoni. Hata ungelishika wewe siku ile, lisingelia."

Baba mkubwa aliutazama mtambo. Hakukuwa na kutu yoyote ya kutazama, tulikuwa tumeusugua unang'aa. Akanusa ugoro. "Kutu ni mbaya," akasema mwishowe, akarudi kwenye pombe. Kule jikoni mtu alikohoa.

Siku ya saba baba alilipakia baruti mwenyewe, akishindilia kwa mdeki, akihesabu kwa midomo. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka hata upande wa Nduguti. Alisimama palepale aliposimama mwaka uliopita. Lilipolia, mbuzi walivunja zizi, wanawake wakapiga vigelegele, na baba mkubwa akamwaga pombe yake kifuani. Moshi ulipoondoka nilimwona baba amesimama wima, machozi yanamtiririka, wala hayafuti. Alikunywa siku ile mpaka mwisho, na alikaa mbele.

Jioni yake, watu walipotawanyika, akaniita.

"Lete gobore. Limefanya kazi, lipate chakula chake."

Na alikuwa ameshafungua kifuniko cha pembe! Mtume! Nilitaka kulia. Nilitaka kuipokonya ile pembe niitupe kisimani. Nikalileta, nikamshikia, akalilisha lote, ndani na nje.

Basi hayo ndiyo yakawa maisha yangu. Kila mwaka baada ya mavuno baba anapaka, na siku anapokwenda mnadani au barazani mimi nafungua skrubu mbili, nachemsha majivu, naosha, nakausha, narudisha, nikilalamika kwa mke wangu ambaye alikuwa amechoka kunisikia. Mwaka baada ya mwaka. Macho ya baba yalizimika kabisa, lakini kila akivuta kinyundo kiliruka, naye alitabasamu akisema, "Unaona? Mafuta." Nami nauma meno nasema, "Naona, baba."

Mwaka aliolala kitandani asiinuke, vijana walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za uhuru kwenye vilabu vya pombe. Mavuno yalikuwa yamekaribia. Aliniita nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wake ulikuwa mwepesi kabisa.

"Siku ya kunizika wewe ndiye utakayeliliza," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Basi mwaka huu lisipakwe mafuta. Na lioshe kwanza. Kwa majivu, kama mnavyofanya."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Ulijua?" nikauliza. "Tangu lini?"

"Mwanangu, macho ndiyo yaliyokufa. Pua haikufa. Siku ile ulitoka jikoni unanuka majivu, unaniambia kutu."

Hapo hasira yangu ikapanda, ndiyo, mbele ya mgonjwa. Miaka yote ile! "Sasa baba, kama ulijua, kwa nini uliendelea kupaka?"

Akacheka kidogo, kifua kikamkwaruza.

"Na wewe kwa nini uliendelea kuosha?"

Mke wangu akaja akapiga magoti, akaanza kumnywesha uji, na mimi nikatoka nikaenda kutafuta bisibisi.

Tulimzika baada ya mavuno. Nilivuta mara moja tu, na gobore lililia. Mafuta nililipaka jioni ile, kwenye mti tu, na pale kwenye ule upenyo wa kijipande kilichopasuka nikaweka mengi kidogo.